Rubani wa Jeshi na Rubani wa Abiria
(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama, Changamwe)



Nimeombwa kuzungumza juu ya kazi ya urubani kwa kuwa vijana wetu wengi wa huku bara wanaitaka. Si ajabu. Mtoto aliyezaliwa Port Reitz au Magongo husikia ndege kabla hajajua kusoma, na katika uwanja ule ule wa Moi huona za abiria na, siku nyingine, za jeshi. Basi huuliza: nirushe ipi? Baba yake anayefanya kazi gatini huuliza jambo moja tu: nani atalipa?

Nianze na hilo. Rubani wa jeshi husomeshwa na Serikali. Kijana huandikwa awe ofisa, hupitia chuo cha kijeshi cha Lanet, karibu na Nakuru, ndipo apelekwe kujifunza kurusha ndege. Halipi hata senti. Hupewa chakula, nguo na mshahara. (Na tafadhali mlishike hili: kuandikwa jeshini hakulipiwi. Anayewajia hapo Likoni akiuza barua za kuitwa kazini ni mwizi, mpelekeni polisi.)

Anayetaka ndege za abiria kwa kawaida hujisomesha mwenyewe. Skuli nyingi ziko uwanja wa Wilson, Nairobi. Hutakiwa awe na saa 200 hivi angani kabla ya kupata leseni ya kazi, na kila saa hulipiwa: ndege, mafuta, mwalimu. Hesabu yake ni mamilioni ya shilingi. Nyumba ya urithi kule Kisauni yaweza kuuzwa ikaishia humo, na kijana akarudi na leseni mfukoni asipate kazi, maana makampuni humpenda aliyekwisha ruka saa nyingi. Leseni ya juu, ile ya ukapteni wa ndege kubwa, yataka saa 1,500.

Kwa upande wa mfuko, jeshi limeshinda. Lakini sisi ni watu wa chama, hatuwezi kuishia mfukoni.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kuingia chama na haki ya kugoma. Kifungu cha 24 chairuhusu sheria kuwapunguzia wanajeshi na polisi haki hizo. Basi rubani wa jeshi hana chama cha kumsemea. Akiambiwa apande leo, hupanda leo. Majeshi yetu yalipoingia Somalia Oktoba 2011, marubani wa ndege za F-5 hawakuulizwa kama wanapenda. Wala hawezi kuandika notisi ya mwezi mmoja akaenda zake. Akitoroka hushtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi.

Rubani wa abiria ana chama chake, KALPA. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma. Walidai kampuni ianze tena kuweka mchango wake katika mfuko wao wa akiba, uliosimamishwa wakati wa korona. Safari nyingi zilifutwa, mahakama ikawaamuru warudi kazini, wakarudi. Wako waliosema: hawa matajiri wanalia nini? Mimi sikubaliani nao. Akiba ya mfanyakazi ni akiba yake, awe kapteni au mfagizi wa uwanja.

Hata hivyo chama hakiwezi kuijaza ndege abiria. East African Airways ilianza 1946, ikavunjika 1977, na wafanyakazi wake wakatawanyika. Machi 2020 safari za abiria kwenda nje zilisimamishwa, mishahara ya marubani ikakatwa. Mshahara wa mwanajeshi haukungojea abiria. Lakini kazi ya jeshi nayo si mwamba: baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, Jeshi la Anga zima lilivunjwa.

Kazi zenyewe hazifanani. F-5 nyingi zina kiti kimoja. Aliyemo ni yeye na Mungu wake. Ndani ya Boeing wako wawili, kila mmoja akimsahihisha mwenzake, na sifa yao ni abiria asijue kama lilitokea jambo. Huyu wa pili aweza kuendelea mpaka umri wa miaka 65. Wengine huanza jeshini, wakistaafu hutafuta leseni ya kiraia. 

Kwa mtoto wa mfanyakazi asiye na mali, nasema mlango wa jeshi ni mlango wa heshima, mradi ajue anaacha nini nje. Kwa huyo mwingine naliomba tawi letu lipeleke hoja ya mikopo ya masomo ya urubani, ili kazi hii isiwe ya watoto wa wenye nazo peke yao.

Na wazazi, kabla ya kuuza chochote, mpelekeni kijana kwa daktari anayetambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege. Macho, masikio na moyo vipimwe kwanza. Cheti hicho kikikosekana, leseni haitolewi, na karo iliyokwisha lipwa ni vigumu kurudishwa.

Sasa niko tayari kwa maswali.