Kijana na Benchi la Zahanati

Tangu mwaka 2019, sheria ya Tanzania inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima virusi vya UKIMWI bila ridhaa ya mzazi. Lakini mfuate kijana huyo hadi zahanati ya kijijini, wilayani Mkalama au Ikungi. Yuko benchi moja na shangazi yake na majirani waliokuja kliniki ya watoto. Mhudumu anachungulia mlangoni na kuuliza kwa sauti: "Na wewe, unaumwa nini?" Kijana anasema kichwa. Anapewa Panadol, anaondoka na lake moyoni.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wasichana 22 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikwishapata ujauzito. Miongozo ya huduma rafiki kwa vijana ipo, tena ya miaka mingi. Kwa maoni yangu, tusisubiri jengo jipya: chumba chenye mlango unaofungika, saa za jioni baada ya masomo na mhudumu asiyekaripia vinatosha kuanzia. Na kamati za zahanati, zinazojadili fedha na mipango ya kituo, ziwape vijana wenyewe viti, wavulana kwa wasichana.