Elimu ya Uzazi, Maabara na Amana ya Tumbo

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanaadamu kwa tone la maji, akampa masikio, macho na akili ili apate kushukuru. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Mtume Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Enyi ndugu Waislamu, mlio mbele yetu na mlio majumbani mkitusikiliza, tunakuusieni nyinyi, na tunaziusia nafsi zetu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Leo tumekusudia kuzungumza juu ya elimu ya uzazi. Ni jambo linalonong'onwa jikoni na barazani, na kwa kuwa hunong'onwa tu, uwongo umepata nafasi kubwa ndani yake. Mtu asiseme kwamba haya inatuzuia. Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya yao haikuwazuia kuielewa dini, na Mtume (S.A.W.) aliulizwa masuala ya tohara na ya unyumba hadharani, akayajibu kwa adabu.

Ndugu Waislamu, katika Sura ya Al-Muuminuun, aya ya 12 mpaka ya 14, Mwenyezi Mungu ametueleza hatua za kuumbwa kwetu: udongo, kisha tone, kisha pande la damu, kisha pande la nyama, kisha mifupa iliyovikwa nyama, mpaka kiumbe kingine kabisa. Aya hizi zinatuita tutazame. Wataalamu wa maabara wametazama, wakakuta mwilini kemikali kidogo mno ziitwazo homoni, zinazosafiri ndani ya damu mfano wa tarishi na barua: moja huliamrisha yai kukomaa, nyingine huutengeneza mji wa mimba ili upokee.

Mimba inapojishikiza tu, kondo changa huanza kutoa homoni yake, nayo huonekana katika mkojo wa mama. Mnamo mwaka 1928 wanasayansi wa Ujerumani waliipima kwa kuwadunga panya mkojo huo. Katika miaka ya 1930 Lancelot Hogben, aliyefanya kazi Afrika ya Kusini, alionyesha kuwa chura wa huko akidungwa homoni hutaga mayai kwa muda wa saa chache, na hospitali nyingi duniani zikafuga vyura kwa ajili hiyo. Mwaka 1977 mama mmoja wa Marekani, Rosalyn Yalow, alipewa Tuzo ya Nobel kwa njia ya kupima homoni zilizo kidogo mno katika damu. Leo kijikaratasi kinachouzwa duka la dawa pale Kirumba au Nansio hutoa jawabu kwa dakika chache.

Huenda mtu akauliza: je, haya hayapingani na aya ya mwisho ya Sura Luqman, isemayo kuwa Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye yaliyomo matumboni? Jawabu letu ni kwamba hayapingani. Kipimo huona athari ya kitu ambacho tayari kipo. Elimu ya Mola imetangulia kuwepo kwake, nayo imekusanya riziki ya mtoto huyo, ajali yake, na kama atakuwa mwema au muovu. Hakuna maabara iliyodai elimu hiyo.

Wala kipimo hakiondoi eda. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 228, mwanamke aliyeachwa ameamrishwa kungoja quruu tatu, ambazo wanavyuoni wetu wa Kishafii wamezifasiri kuwa ni tohara tatu, na amekatazwa kuficha alichokiumba Mungu tumboni mwake. Eda ina hekima ya kujua kama kuna mimba, na pia ina nafasi ya mume kurejea na heshima ya ndoa iliyokuwapo. Anayesema, "Nimepima, sina kitu, basi niolewe kesho," ameishika hekima moja akaziacha nyingine.

Ndugu zetu, tuingie sasa katika jambo linalovunja nyumba nyingi katika mwambao huu wa ziwa, nalo ni kukosa mtoto. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa takriban mtu 1 katika kila watu 6 hupatwa na taabu ya kupata mtoto wakati fulani wa maisha yake. Jambo hili si la mwanamke peke yake. Katika karibu nusu ya ndoa zenye taabu hiyo, mume naye ana sehemu. Lakini sisi twafanyaje? Miaka 2 haijapita, mawifi wameanza maneno, na mke anapelekwa kwa waganga huku na huku. Kisha anaambiwa mgumba na kuachwa, na mume hajapimwa hata siku moja! Kipimo cha mume ni miongoni mwa vipimo vyepesi: mbegu hutazamwa kwa darubini, zikahesabiwa na mwendo wao ukaangaliwa. Mwenye kumtia mwenzake aibu kwa jambo asilolijua amesema bila ya elimu, naye ataulizwa.

Zaidi ya hayo, baadhi ya sababu zina dawa. Katika vijiji vya mkoa wa Mwanza penye malambo na majaruba ya mpunga, kuna kichocho cha mkojo. Mayai ya mdudu huyo hukwama katika kibofu, na kwa wanawake hukwama pia katika mlango wa uzazi na mirija, yakaleta vidonda, maumivu, damu, na pengine utasa. Wangapi wamedhaniwa kuwa ni wazinifu kwa dalili hizo, hali waliyapata walipokuwa watoto wakichota maji? Dawa yake, prazikwanteli, humezwa kwa mdomo. Hali kadhalika kisonono kisichotibiwa huziba mirija. Na utafiti uliofanywa hapa Mwanza, matokeo yake yakatangazwa mwaka 1995, ulionyesha kuwa vijiji vilivyopata matibabu bora ya magonjwa ya zinaa katika zahanati zao vilipata maambukizo mapya ya UKIMWI pungufu kwa kiasi cha asilimia 40. Basi kutibiwa mapema, mume na mke pamoja, ni kinga ya nyumba.

Na anayepimwa akatibiwa kisha asipate, akumbuke Sura ya Ash-Shuura, aya ya 49 na 50, kwamba Mungu humpa amtakaye wa kike, na amtakaye wa kiume, na amtakaye humfanya tasa. Hilo ni gawio la Mola, wala halipunguzi utu wa mja.

Suala la tatu ni kupanga uzazi. Sahaba Jabir (R.A.) amepokea, katika Bukhari na Muslim, kwamba masahaba walikuwa wakifanya azli, yaani kumwaga nje, zama za kuteremka Qur'ani, wala hawakukatazwa. Imamu Ghazali, naye ni Mshafii, aliihalalisha na akataja sababu zinazokubalika, kama kuihifadhi afya ya mke. Ibn Hazm aliikataza, na madhehebu kadhaa yameshurutisha ridhaa ya mke. Katika zama zetu Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Al-Azhar kuanzia 1958 mpaka 1963, aliruhusu wanandoa kupanga uzazi kwa haja, akakataa iwe sheria ya kuwalazimisha watu wote. Kuitoa mimba ni mlango mwingine wenye hukumu zake. Na anayezuia uzazi kwa kuogopa njaa tu arejee kwenye Sura ya Al-Israa, aya ya 31, aone ni nani aliyejidhamini riziki.

Watu wa ziwani walikuwa na khofu juu ya sindano ya uzazi ya miezi 3, kwamba huenda inamfungulia mwanamke njia ya kuambukizwa UKIMWI. Khofu hiyo haikudharauliwa. Kuanzia mwaka 2015 wanawake zaidi ya 7,800 wa Kenya, Zambia, Eswatini na Afrika ya Kusini walijitolea kufuatiliwa, na miongoni mwa vituo kilikuwapo cha Kisumu, ng'ambo ya ziwa letu. Mwaka 2019 matokeo yalitoka: baina ya sindano, kijiti na kitanzi cha shaba haikuonekana tofauti kubwa ya maambukizo. Lakini wanawake 397 kati yao waliambukizwa wakati wa utafiti, kwa kuwa hakuna hata kimoja katika vitu hivyo kinachokinga virusi. Mwenye akili azingatie: dawa ya uzazi haikusudiwi kumlinda mtu na matokeo ya zinaa.

Mwanza ni mji wa utafiti tangu mwaka 1949, walipofika wachunguzi wa matende. Leo kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na juu ya kilima kuna Bugando. Basi mkijiwa na mtafiti, ulizeni: Damu hii ni ya nini? Majibu nitapewa? Naweza kukataa? Hizo ni haki zenu. Naye mtafiti ajue kuwa siri ya mgonjwa ni amana, na kuongeza tarakimu isiyokuwapo ni ushahidi wa uwongo.

Nanyi wanafunzi, hasa mabinti, someni biolojia na kemia kama mnavyosoma fiqhi. Umma unahitaji mwanamke Mwislamu awezaye kumpima dada yake, kuisitiri siri yake na kumweleza hukumu ya dini. Elimu hiyo ni fardhi kifaya. Ikikosa mtu, dhambi ni yetu sote.

Ewe Mola wetu, wape wasio na watoto kizazi chema, kama ulivyomjibu Nabii Zakaria katika uzee wake. Waponye wagonjwa wetu. Tia huruma baina ya waume na wake. Na utuepushe kusema tusiyoyajua. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.