Mwandishi Anapoifuata Skripti Yake Lokesheni
Mhadhara wa umma, Tanga



Nimeombwa nizungumzie maisha ya kazi ya mtu anayeanza kwa kuandika skripti na baadaye akawa mwongozaji wa filamu. Habari hiyo husimuliwa kana kwamba ni kupandishwa cheo: jana ulikuwa mezani na kalamu, leo umesimama nyuma ya kamera na watu arobaini wanakungoja useme. Mimi siioni hivyo. Katika pwani hii, kuanzia Tanga kwenda Pangani na kuvuka hadi Unguja, filamu ilitufikia maneno yakiwa mbali na picha. Wengi wa waandishi wanaohamia kwenye uongozaji wanayafuata maneno yao huko yalikopelekwa, ili wajue yamefanywa nini.

Tuanze hapa hapa mkoani. Mwaka 1935, juu ya vilima vya Vugiri, upande wa Korogwe, ulianza mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha zilitoka Carnegie Corporation ya Marekani, usimamizi ukawa wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, na wakuu wa kazi walikuwa wawili: Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge, na Geoffrey Latham, aliyetoka kwenye idara ya elimu Rhodesia ya Kaskazini. Hadi mradi unafungwa mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu fupi zipatazo 35. Ya kwanza ilihusu akiba ya posta: mmoja anaficha fedha zake nyumbani zinaibwa, mwenzake anaziweka posta zinasalimika. Nyingine zilihusu kodi, minyoo, kilimo na uchifu. Waigizaji walikuwa Waafrika, hadithi zikawa za wakubwa.

Hilo la hadithi kuwa za wakubwa mnalijua. Kinachonivutia zaidi ni namna sauti ilivyopatikana. Haikuwamo kwenye utepe wa filamu. Ilirekodiwa kwenye santuri, na santuri ikabadilishwa kulingana na lugha ya mahali. Lori likifika kijijini, mwendesha mashine aliwasha projekta na kuiweka sindano kwenye santuri kwa wakati mmoja, akiomba vitu viwili hivyo visiachane njiani. Utepe ukikatika na kuungwa, vipande kadhaa vya picha vimekwenda, na maneno hayakwenda navyo. Basi mtu anafungua mdomo na sauti yake bado haijafika. Mtu wa Vugiri aliyeigiza kuibiwa fedha zake angeweza kulia Kiswahili kwenye mji mmoja na Kiganda kwenye mwingine, bila yeye kuulizwa alikuwa akisema nini siku ile alipopigwa picha.

Nasema hivi si kwa kubeza. Kwa mashine za wakati ule, ilikuwa akili. Lakini mpango ule uliweka desturi: picha ni kazi ya mmoja, maneno ni kazi ya mwingine, na anayeigiza yuko katikati akitumwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Afrika Kusini ilipokuja Tanganyika kutengeneza filamu za Kiswahili, steringi wa Muhogo Mchungu alikuwa kijana aitwaye Rashidi Kawawa. Huyo huyo aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Sijui kama yuko mwigizaji wetu mwingine wa enzi hizo aliyepata baadaye madaraka makubwa zaidi ya yule aliyekuwa akimwongoza.

Mjini hapa, wakati huo, watu walikuwa kwenye sinema za Majestic, Novelty na Regal, na picha iliyowajaza ilikuwa ya Kihindi. Kihindi chenyewe wengi hawakukijua. Walifuata nyuso, nyimbo na mavazi, na aliyeingia sinema akirudi nyumbani alidaiwa hadithi na wasioingia. Hapo ndipo ilipokuwa shule yetu ya skripti. Kijana anakaa uani, bibi yake na shangazi zake wanamsikiliza, naye anaeleza kwa nini hakimu amemfukuza mkewe na kwa nini mwana amekuwa mwizi. Yale ambayo hakuyaelewa anayatunga mwenyewe. Akitunga vibaya, shangazi anamkata: mbona jana ulisema mama yake hajui? Anarekebisha. Hakuna mhariri mkali kuliko huyo.

Hakimu na mwizi huyo ni wa filamu ya Awaara, ya mwaka 1951, na ndani yake mna mtu tunayepaswa kumjua: Khwaja Ahmad Abbas. Alikuwa mwandishi wa magazeti Bombay, akichambua filamu za wenzake bila huruma, kisha akaanza kuandika za kwake. Alipochoka kuona hadithi zake zikigeuzwa na waongozaji, aliamua kuongoza mwenyewe. Dharti Ke Lal, juu ya njaa ya Bengal, ilitoka mwaka 1946. Mwaka 1969 akaongoza Saat Hindustani, na humo akampa nafasi ya kwanza kijana mrefu aitwaye Amitabh Bachchan, ambaye wazee wangu hapa hawahitaji kuelezwa ni nani. Sasa sikilizeni upande wa pili. Skripti za Abbas zilizotikisa dunia, Awaara, Shree 420, Bobby, zote ziliongozwa na Raj Kapoor. Zile alizoongoza mwenyewe mara nyingi ziliheshimiwa kuliko zilivyotazamwa. Nitamrudia baadaye, kwa sababu ananitatiza.

Nirudi kwetu. Filamu za video zilipokuja na watu wakaanza kuzitengeneza kwa siku chache kwa fedha kidogo, karatasi ilikuwa jambo la kwanza kukatwa. Mtayarishaji alikuwa na mkasa na orodha ya sini, basi. Maneno waliyatafuta waigizaji wenyewe, papo hapo. Tanga ilimtoa bingwa wa njia hiyo, Amri Athumani, King Majuto, aliyezaliwa hapa mwaka 1948 na kufariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Ukimtazama Majuto unaelewa kwa nini watu walidhani skripti haina kazi. Anaingia, ananyamaza kidogo zaidi ya unavyotarajia, anasema neno moja la Kizaramo-zaramo au la Kitanga cha ndani, na nyumba nzima inaanguka kicheko. Hakuna mwandishi ambaye angemwandikia ule ukimya.

Lakini Majuto alikuwa mmoja. Wale waliomwiga bila kipaji chake walitujazia filamu za watu wawili kwenye kochi wakirudia jambo moja kwa dakika sita, kwa sababu hapakuwa na aliyeamua sini iishe wapi. Na hapo ndipo mwandishi, kama yuko, anaumia. Kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, skripti hupelekwa serikalini kabla ya kibali cha kupiga picha. Huwa nawaambia wanafunzi kwa utani kwamba huenda ofisa wa Bodi ya Filamu ndiye mtu pekee atakayeisoma skripti yenu yote. Hawacheki sana.

Basi mwandishi anakwenda lokesheni. Anakuta nini? Nichukue mfano wa darasani. Mwanafunzi ameandika: "Mama wa bwana harusi anajuta." Sentensi nzuri kwa riwaya. Mpiga picha anauliza, nipige nini hapo? Tukahangaika naye. Mwisho akaandika hivi: mama ameketi kwenye mbuzi, anakuna nazi, nyama imekwisha, anaendelea kukuna, nazi iliyokunwa inabadilika rangi kwa vumbi la kifuu, mjomba mtu anausogeza ungo kando taratibu, bila kusema. Hakuna neno lililotamkwa na majuto yote yapo. Mwanafunzi yule, bila kupewa cheo chochote, alikuwa ameshaanza kuongoza. Ameamua kamera itazame mikono, na ameamua ukimya udumu kiasi gani. Njia ya mwandishi kwenda kwenye uongozaji hupita hapo, kwenye kukubali kwamba sentensi aliyoipenda haipigiki picha.

Kwa hapa kwetu, anayeonyesha njia hiyo kwa uwazi zaidi ni Amil Shivji. Ni mtoto wa Profesa Issa Shivji. Alisomea filamu York University, Toronto, akarudi Dar es Salaam, akaanzisha Kijiweni Productions na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tazameni jina la kampuni, kisha tazameni filamu. Shoeshine, ya 2013, inamweka kijana mng'arisha viatu kando ya barabara, na mji unakuja kwake mguu mmoja baada ya mwingine na maneno yake. T-Junction, filamu yake ndefu ya kwanza, ya 2017, imejengwa juu ya wasichana wawili wanaokutana hospitalini: Fatima amefiwa na baba ambaye hakumjua sana, na Maria anamsimulia habari za watu wa njia panda. Mnaona ninakokwenda. Ni yule yule mtu wa uani na msikilizaji wake, ila safari hii msimulizi na picha vimetoka mkono mmoja.

Kisha akaikabili Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Riwaya hiyo ilichapwa mwaka 1999, na vijana wa kidato cha tano na sita wameijibia mitihani mpaka imekuwa kama mali yao. Yasmin, msichana wa miaka kumi na tano aliyeozwa Bwana Raza wa miaka hamsini na mbili. Mwajuma mwenye taarabu yake. Denge na siasa zake. Inspekta Wright nyuma yao. Shafi ni msimulizi mwenye nafasi: huingia moyoni mwa Yasmin apendapo, hutoka, huzunguka mjini, hurudi. Filamu haina ruhusa hiyo. Shivji alibana hadithi kwenye mapenzi ya Yasmin na Denge, akaacha mengi, na vichochoro vya Mji Mkongwe vikabeba kile ambacho kitabu kilikieleza. Mwajuma alimpa Siti Amina, mwimbaji kwelikweli, kwa hiyo palipohitaji wimbo hapakuhitaji maelezo. Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, na baadaye Tanzania ikaipeleka kwenye mashindano ya Oscar, jambo ambalo kabla ya hapo nchi ilikuwa imelifanya na filamu ya Maangamizi peke yake. Wanafunzi wengine walinung'unika kwamba sehemu walizokariri hazimo. Ni kweli hazimo. Mimi naona kilichobaki kimekaa vizuri kwa sababu aliyekata alijua anakata nini.

Ukanda wetu huu haukukaa kando. Pangani, shirika la UZIKWASA limekuwa likifanya kazi ya sanaa na redio kwa miaka mingi, na Chande Omar aliongoza Fimbo ya Baba mwaka 2006, halafu Aisha mwaka 2015, hii ya pili kwa ushirikiano na Kijiweni. Aisha ni mwanamke anayerudi kwao kwa harusi ya nduguye, anafanyiwa ukatili wa kubakwa, na mji mzima unaona stahiki ni anyamaze. Filamu ya namna hiyo haivumilii maneno ya kubandika. Mtu wa Pangani hasemi jambo la aibu moja kwa moja. Analizunguka, anataja mvua, anataja bei ya nazi, na aliyekusudiwa ameshaelewa. Ukimpa mwigizaji sentensi iliyotafsiriwa kutoka kwenye ripoti ya mradi, mtazamaji wa huko atajua kabla haijaisha kwamba anahubiriwa. Suala hilo la lugha ya mtazamaji si letu peke yetu: Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa ameshachapisha riwaya kadhaa kwa Kifaransa alipokwenda Moscow kujifunza filamu, akijua kwamba wale aliowaandikia hawakuweza kumsoma. Borom Sarret ilitoka mwaka 1963, na kufikia Mandabi, mwaka 1968, watu wake walikuwa wakizungumza Kiwolofu chao.

Nimeahidi kumrudia Abbas. Kama kila mwandishi akiifuata skripti yake lokesheni na kuishika mwenyewe, nani atamwambia kwamba sini hii ni ndefu? Abbas alipokuwa na Raj Kapoor, alikuwa na mtu wa kubishana naye, mtu aliyetaka wimbo pale Abbas alipotaka hotuba. Alipobaki peke yake, hotuba zilibaki. Hofu hiyo ninayo kwa waandishi-waongozaji wetu. Bajeti ndogo inawafanya wawe kila kitu: waandike, waongoze, watafute fedha, wapike chakula cha waigizaji. Yule shangazi wa uani, wa kukukata neno, hayupo.

Ndiyo maana jambo dogo katika orodha ya majina ya Vuta N'kuvute nalipa uzito kuliko tuzo. Shivji alikuwa ameshaandika na kuongoza filamu kadhaa. Angeweza kuandika hii peke yake na hakuna ambaye angemuuliza. Skripti aliiandika pamoja na Jenna Bass wa Afrika Kusini, ambaye naye ni mwongozaji, na aliyewahi kuandika filamu ya Rafiki pamoja na Wanuri Kahiu wa Kenya. Kamera ikawa na bwana mmoja, kalamu ikashikwa na wawili.