Kuvua kwa Nzi Bandia kwa Gharama Ndogo: Pa Kuanzia Kitale na Bungoma

*Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa Kitale, Bungoma na maeneo jirani*



Ukitaja uvuvi wa nzi bandia, wengi humfikiria tajiri mwenye gari kubwa na fimbo ya bei ya ng'ombe. Fikra hiyo ina chanzo chake. Mwaka 1905, Ewart Grogan alileta nchini samaki wa aina ya trauti kutoka Scotland na kuwaweka katika mito ya Aberdare. Baadaye trauti walipandwa katika mito mingine ya baridi, ukiwemo Suam unaoanzia Mlima Elgon. Kwa muda mrefu huo ukabaki mchezo wa walowezi na vilabu vyao.

Hata hivyo, nzi wanaotumiwa na wavuvi wengi wa Ulaya na Marekani hufungwa kwa mikono hapa Kenya, na wengi wa wanaowafunga ni wanawake. Ikiwa ujuzi wa kuwatengeneza uko nchini, hakuna sababu ya mkazi wa Endebess au Kimilili kuuona uvuvi huu kuwa si wake. Jambo la kujua ni pesa kidogo ianzie wapi.

Nzi bandia ni nini?

Ni ndoano ndogo iliyovalishwa manyoya na uzi ili ifanane na mdudu. Mvuvi wa kawaida hutegemea uzito wa risasi au wa chambo kufikisha ndoano mbali. Nzi bandia hana uzito, kwa hiyo kinachombeba ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito kuliko nailoni ya kawaida. Mwishoni mwake hufungwa nailoni nyembamba isiyoonekana kwa urahisi majini, na nzi akafungwa hapo.

Ukilielewa hilo, utajua pesa iende wapi. Fimbo na mshipi hupewa namba, na namba hizo zikilingana, fimbo ya bei nafuu hufanya kazi vizuri. Namba 5 inamfaa anayeanza. Gurudumu la kukunjia mshipi lisikunyime usingizi, kwa kuwa kwa samaki wadogo kazi yake ni kuhifadhi mshipi tu. Ukiwa na nafasi ya kununua kitu kimoja kizuri, nunua mshipi.

Asiye na fimbo

Asiye na pesa ya fimbo aanze na mwanzi. Huko Japani, wavuvi wa milimani wamevua kwa nzi bandia karne nyingi kwa ufito mrefu usio na gurudumu, mshipi ukifungwa kwenye ncha. Watoto wa huku wanajua kuvua kwa ufito tangu zamani, na tofauti ni kwamba badala ya nyungunyungu unaweka nzi.

Tafuta mwanzi mkavu, mwepesi, wa mita 3 hadi 4, kutoka shamba la mtu aliyeupanda. Usiukate katika msitu wa serikali bila kibali. Funga mshipi usiozidi urefu wa mwanzi, kisha nailoni nyembamba ya mita moja. Kwa kijito chembamba, hicho ni chombo kamili.

Nzi nao wanaweza kufungwa nyumbani. Magharibi ya Kenya haina uhaba wa kuku, na kila jogoo anayechinjiwa wageni huacha manyoya ya shingo ambayo kwa kawaida hutupwa. Uzi mwembamba wa fundi cherehani, ndoano ndogo na manyoya mawili vinatosha. Shika ndoano kwa koleo, zungusha uzi kuanzia nyuma kuja mbele, zungusha unyoya mara tatu au nne karibu na tundu la ndoano, kisha funga fundo. Nzi wa kwanza atakuwa mbaya. Wa kumi atavua.

Kabla ya kwenda mtoni, bana kile kijino cha ndoano kwa koleo hadi kilale. Samaki utakayetaka kumrudisha atatoka bila kuraruka, na ndoano ikikuingia kidoleni itatoka kwa urahisi.

Jifunze kurusha nchi kavu

Uwanja wa shule jioni unatosha. Badala ya ndoano, funga kipande cha uzi wa sufi. Inua fimbo, isimamishe ikipita sikio kidogo tu, ngoja mshipi unyooke nyuma yako, kisha rusha mbele. Wengi hukosea hapo kwenye kungoja. Wana haraka, na mshipi huanguka miguuni kama kamba ya ng'ombe. Nusu saa kila siku kwa wiki mbili inasaidia kuliko fimbo ya gharama. Vaa kofia na miwani ya aina yoyote, maana ndoano haina adabu kwa jicho.

Uvue wapi?

Anza kwenye bwawa la samaki. Mabwawa mengi yalichimbwa kupitia mpango wa serikali wa kuchochea uchumi ulioanza mwaka 2009, na mengine wakulima wamejichimbia. Tilapia humfuata nzi mdogo anayezama polepole. Ongea na mwenye bwawa na mpatane malipo kwa kilo. Kwa mkulima huo ni mlango mwingine wa mapato, kwa kuwa mgeni anayelipia jioni ya kuvua hajamletea gharama ya usafiri wala ya soko.

Kisha nenda mtoni. Katika Nzoia na vijito vyake yupo samaki ambaye wavuvi wa Ziwa Victoria humwita fwani. Hula wadudu pamoja na vyakula vingine, kwa hiyo nzi bandia humvutia. Mtafute maji yakiwa safi, hasa Desemba hadi Februari. Mvua ikinyesha Elgon, mto unaweza kufura Bungoma kukiwa na jua kali, kwa hiyo maji yakianza kubadilika rangi, toka. Kwenye maporomoko ya Nabuyole, Webuye, usikanyage miamba yenye utelezi.

Trauti awe wa mwisho. Anataka maji baridi yenye hewa nyingi, na maji yakipita nyuzi joto 20 huanza kutaabika. Ndiyo maana hupatikana juu mlimani, ambako kuna ada ya kuingia mbuga na masharti ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Uliza kwanza langoni kama uvuvi unaruhusiwa.

Sheria na mto

Uvuvi huongozwa na Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi ya mwaka 2016, hata kama unavua kwa kujifurahisha tu. Fika katika ofisi ya uvuvi ya kaunti uulize kuhusu leseni kabla ya kutia ndoano majini. Kuvua kwa sumu au baruti ni kosa. Ukipita shamba la mtu, omba ruhusa.

Zaidi ya leseni, kuna funzo la ningu. Samaki huyu alikuwa chakula na biashara kubwa katika mito inayoingia Ziwa Victoria. Mvua zikianza, hupanda mto kutaga mayai, na katikati ya karne iliyopita nyavu zilimsubiri midomoni mwa mito. Walivuliwa wakiwa na mayai, msimu baada ya msimu, hadi wakapungua sana. Fwani naye hupanda mto kutaga. Kwa hiyo ukimpata samaki mwenye mayai, lowesha mikono, mtoe ndoano akiwa majini, mwachilie. Samaki wa kitoweo atoke bwawani.

Na anayelima hadi ukingoni mwa mto aelewe kwamba udongo wake huishia kwenye changarawe ambako samaki hutaga na wadudu wa majini huishi. Bila wadudu hao hakuna fwani wala trauti, hata fimbo ingekuwa ya dhahabu. Miti na nyasi za ukingoni ndizo kifaa cha kwanza cha uvuvi huu, na kuziacha zisimame hakuhitaji pesa.

Kwa hiyo mwanzi, manyoya ya jogoo na subira vinatosha kuanza. Vijana wa wadi moja wanaweza kuchanga, wakanunua fimbo moja na mshipi mmoja mzuri, wakapokezana. Karibuni mtoni.