Mnyororo wa Baiskeli Iliyotiwa Mota



Lamadi, wilayani Busega, Mkoa wa Simiyu, iko kandokando ya barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma, ambayo baiskeli huitumia pamoja na mabasi na malori. Mnyororo ukichomoka hapo, hatari humpata mwendeshaji na abiria aliyempakia. Ni vivyo hivyo katika barabara za Unguja na Pemba.

Baiskeli ya kawaida ikitiwa mota penye pedali, nguvu ya miguu na nguvu ya mota hupita katika mnyororo mmoja, uliotengenezwa kwa ajili ya miguu tu. Kwa hiyo mnyororo huchakaa upesi, na lawama hutupiwa betri isiyo na kosa.

Mota ikivuma na mnyororo ukarukaruka wakati wa kupanda mlima, betri itolewe kwanza, kisha mnyororo upimwe kwa rula. Kutoka pini hadi pini, nafasi 24 za mnyororo mpya ni inchi 12 kamili. Ukizidi kwa 1/16 ya inchi, ubadilishwe. Ukizidi kwa 1/8, gia za nyuma nazo zibadilishwe, kwani mnyororo mpya juu ya meno yaliyolika huteleza.

Mnyororo ukichomoka mara kwa mara, fundi atazame iwapo mota imeisukuma gia ya mbele nje ya mstari wa gia za nyuma. Aidha, wakati wa kubadili gia, mota ipumzishwe kwanza.

Mnyororo ni rahisi kuliko mota. Anayeupima mapema hujiepusha na gharama na maafa.