Kisiki Kilichokatwa Hakijafa

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia, Kilosa)



Nimeombwa kuzungumzia upandaji miti. Naomba nianze na miti ambayo hatuna haja ya kuipanda, kwa kuwa tayari imo ardhini hapa Kilosa na inasubiri tu kuachwa ikue.

Sehemu kubwa ya mapori yetu, kutoka Ulaya kuelekea Mikumi, ni misitu ya miombo. Mti wa miombo ukikatwa, kinachoondoka ni kile tunachokiona kwa macho. Mizizi hubaki hai, na ndani yake imo akiba ya chakula iliyowekwa kwa miaka mingi. Chini ya gamba la kisiki yamo macho yaliyolala. Shina likiondoka, macho hayo huamka na kutoa machipukizi mengi.

Sasa tulinganishe na mche wa kitaluni. Mizizi yake ni mifupi. Tukiupanda mwezi wa Machi, ifikapo Septemba unatafuta maji katika udongo wa juu uliokwisha kukauka. Hata mche wa miombo unaoota wenyewe porini hutumia miaka yake ya mwanzo kujenga mizizi, huku kijishina chake kikifa na kuchipua tena. Chipukizi la kisiki limekwisha kuvuka hatua hiyo, maana limerithi mizizi ya mti mzima.

Mtauliza, basi kwa nini misitu inatoweka? Ni kwa sababu nyuma ya shoka huja jembe, moto na mifugo. Visiki hung'olewa ili kupata shamba. Moto wa mwisho wa kiangazi huunguza machipukizi mwaka hadi mwaka, mpaka akiba ile ya mizizini inakwisha. Hapo ndipo kisiki hufa kweli.

Elimu hii imekwisha kufanyiwa kazi wilayani kwetu. Kuanzia mwaka 2012, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na mtandao wa MJUMITA, kwa msaada wa Serikali ya Uswisi, walishirikiana na vijiji kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwa kuandaa mipango ya mkaa endelevu. Sehemu ya msitu wa kijiji iligawanywa katika vitalu vya mita 50 kwa 50. Vitalu vinavyovunwa havigusani, kama miraba myeusi na myeupe ya ubao wa drafti. Kitalu kikishavunwa hakilimwi. Huachwa miaka 24 visiki vichipue. Wachomaji hulipa ushuru kwa kijiji, na fedha hizo zimesaidia huduma kama vyumba vya madarasa. Kijiji kinachopata faida kutokana na msitu wake kina sababu ya kuulinda.

Wengine nao wamepita njia hiyo. Huko Maradi, nchini Niger, mmisionari kutoka Australia aitwaye Tony Rinaudo alihangaika na miche iliyokuwa ikifa, hadi miaka ya mwanzo ya 1980 alipotambua kuwa vichaka vya mashambani vilikuwa visiki vilivyochipua. Wakulima walianza kuvitunza, na leo eneo lililorudishiwa miti nchini humo linakadiriwa kuwa hekta milioni 5. Jirani zetu wa Dodoma nao, tangu mwaka 2018, wanaifanya kazi hiyo kwa jina la Kisiki Hai.

Sisi wa Kilosa hatuhitaji kukumbushwa kwa nini jambo hili ni muhimu. Mwishoni mwa Desemba 2009 Mto Mkondoa ulivunja tuta, maelfu ya watu wakakosa makazi, na reli ya kati ikakatika. Miti peke yake haizuii mvua kubwa namna ile. Lakini mizizi hushika udongo, na majani makavu hupunguza kasi ya maji. Mlima ukiwa mtupu, udongo wake hushuka na kujaza mto, na mto uliojaa mchanga hufurika upesi zaidi.

Kwa hiyo ninayo maombi mawili. Ndugu wajumbe, kabla ya kuomba miche, hesabuni visiki vilivyo hai katika maeneo ya parokia na mashamba ya waumini. Kwenye kila kisiki acheni machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka na kupogoa mengine. Kisha kaeni na serikali ya kijiji pamoja na wafugaji mkubaliane kuhusu moto na malisho, maana bila makubaliano hayo panga la kupogolea ni kazi bure. Miche bado ina nafasi yake: miti ya matunda, viwanja vya shule, na mahali ambapo visiki vimekwisha.

Ndugu wafadhili, mmezoea kutuuliza tumepanda miti mingapi. Tuulizeni mingapi iko hai baada ya miaka 3. Kulinda kisiki hakuna sherehe ya uzinduzi, lakini kuna gharama: siku za mikutano, posho ya walinzi wa moto, na uvumilivu. Hizo ndizo gharama tunazowaomba mzibebe pamoja nasi.