VIDONDA VYA MIDOMO KWA KONDOO
(Maelezo kwenye kikao cha wafugaji wa ushirika)



Kamati imeniomba niseme juu ya huu ugonjwa wa midomo ulioingia mazizini. Katibu atabandika maneno haya ukutani, na walioko machungani wayasome.

Kwanza, huku siyo kurogwa, wala siyo miiba tu. Ni virusi, jamaa ya vile vya ndui. Mwiba au nyasi kavu humchoma mnyama mdomoni, basi mlango umefunguka. Vinaanza vipele pembeni mwa mdomo na puani, vinatumbuka, halafu yanatanda magamba mazito. Mbuzi nao hupata.

Kondoo mkubwa kwa kawaida hupona mwenyewe baada ya majuma matatu au manne. Wanaotufia ni wanakondoo, na wengi hawafi kwa kidonda, wanakufa kwa njaa! Mdomo unamwuma, hanyonyi. Akijaribu, anamwambukiza mama yake chuchu, na mama kwa maumivu anampiga teke. Mwaka jana nilipoteza wawili namna hiyo, nahangaika na dawa za kupaka kumbe aliyetakiwa kukamuliwa ni mama. Basi mkamue, mnyweshe mtoto kwa chupa, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Wakubwa wapeni majani mabichi laini.

Naona wengine mnabandua magamba kwa kijiti na kupaka oili chafu. Acheni jamani. Ukibandua unakitonesha kidonda, na gamba likianguka pakavu virusi hukaa humo miezi mingi, vinangoja wanakondoo wa msimu ujao. Yaliyoanguka yaokoteni myachome moto. Josho halisaidii, hawa si kupe. Sindano ya antibayotiki haiui virusi. Kazi yake ni pale kidonda kimeingia usaha, na hapo aamue bwana mifugo. Chanjo iko, lakini hutengenezwa kwa virusi hai, kwa hiyo zizi lisilo na ugonjwa lisichanjwe ovyo.

Halafu hili mlisikie vizuri: binadamu pia huambukizwa. Mnaniona kidole hiki? Nilimshika mgonjwa nikiwa na mchubuko, kikavimba uvimbe mwekundu, nikakaa zaidi ya mwezi bila kushika jembe sawasawa. Vaeni glavu, nawani kwa sabuni, na watoto wasibebe wanakondoo wagonjwa. Ukipata uvimbe usiupasue, ufunike uende zahanati.

Ila siyo kila kidonda cha mdomo ni hiki. Mnyama akiwa na homa, anaharisha, makamasi yanamtoka na anakohoa, hiyo yaweza kuwa sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa hapa Tanzania mwaka 2008. Vinundu vikienea mwili mzima hadi chini ya mkia, yaweza kuwa ndui ya kondoo. Hapo mwiteni bwana mifugo siku hiyo hiyo.

La mwisho ni gumu kulisema. Jumamosi ni mnada, na najua ada za shule zimetukaba. Lakini mwenye magamba asipelekwe. Sisi tuliletewa na kondoo dume wa mnadani. Tulimfungulia kundini jioni ile ile, badala ya kumtenga majuma matatu. Zizi la zamani la ushirika limefagiliwa, wagonjwa waletwe huko kuanzia kesho asubuhi, kila mmoja na chupa yake ya kunyweshea.